Mji wa Kale Sio Ukuta wa Kupigia Picha

Kila wikendi ni hivohivo. Tuktuk inashusha watu mbele ya Fort Jesus, wanapiga picha na mizinga, wanaingia Ndia Kuu, wanatafuta mlango wenye nakshi, wanasimama hapo mkono kiunoni, imeisha. Halafu juisi ya ukwaju, viazi karai vya kutuliza njaa, na safari ya nyumbani. Usiku picha ishapanda Instagram na maneno ya chini ni yaleyale ya mwaka jana.

Sina ugomvi na picha. Mimi natengeneza kontenti, kamera ndiyo jembe langu. Lakini nimeuzunguka mji huu vya kutosha kujua kuna swali ambalo watu hawaulizi wakiwa pale. Wanauliza nyumba ina miaka mingapi. Wanauliza mlango ni wa mbao gani. Hawaulizi waliokaa ndani ya nyumba hizi walikuwa wanaburudika vipi. Wakitaka kucheka walienda wapi? Wakitaka kumsema mkubwa fulani bila kushikwa, walifanyaje? Nani alikuwa staa wa mtaa?

Hoja yangu leo ni hii: Mombasa ilikuwa na michezo ya jukwaani kabla haijapata jengo la kuchezea. Jukwaa lilikuwa barabarani, harusini, barazani, hata kwenye leso. Mawe tumeyawekea sheria, walinzi na tiketi. Sanaa hiyo nyingine tumeiachia wazee waibebe kichwani, na wazee wanaondoka. Nifuate pole pole, ntakuonyesha.

Tuanze na vitu ambavyo kila mtu anavijua

Zile pembe za Moi Avenue, ambazo mgeni asipopiga nazo selfi ni kama hajafika, ni za aluminiamu. Zilisimamishwa miaka ya 1950, enzi za ukoloni, kuikaribisha familia ya kifalme ya Uingereza. Barabara yenyewe wakati huo iliitwa Kilindini Road. Yaani kitu tunachokitumia kama sura ya jiji letu kilianza kama pambo la kupokea wageni wa mkoloni. Pembe zishakuwa zetu sai, hakuna anayezikataa. Lakini ni vizuri kujua unasimama chini ya nini.

Ngome nayo. Wareno walianza kuijenga 1593 wakamaliza 1596, kwa ramani ya Mwitaliano mmoja, Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, karibu miaka mitatu ya njaa na maradhi, hadi ndani wakabaki watu wachache mno. Waingereza wakaigeuza jela kutoka 1895 hadi 1958. Ikafunguliwa kama makumbusho 1960, na mwaka 2011 UNESCO ikaitia kwenye orodha ya urithi wa dunia. Hizo ndizo tarehe utakazopewa na kila mtu anayekutembeza.

Lakini kumbuka mji haukuanza na ngome. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita Mombasa mwaka 1331. Aliwakuta watu wanaokula ndizi na samaki, wacha Mungu, na misikiti yao ilikuwa ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Hiyo ni miaka 262 kabla ya jiwe la kwanza la Fort Jesus. Mafundi wa mbao walikuwepo tayari. Hao ndio babu wa kisanaa wa ile milango unayoegemea, hata kama nyumba nyingi unazoziona leo Mji wa Kale ni za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, na zile roshani za mbao zimechanganya mkono wa Mhindi na wa Mswahili.

Na ndani ya ngome kuna kitu ambacho vijana wengi wanakipita bila kukitazama. Kuna michoro ya ukutani iliyoachwa na Wareno waliokaa humo karne ya 17: meli, watu, majengo. Hebu fikiria. Askari au baharia, yuko mbali na kwao, joto la Mombasa limemkalia, hajui meli ya kumrudisha itakuja lini, anachukua makaa na udongo mwekundu anachora ukutani. Leo kijana wa Majengo akichora ukuta anaitwa mhuni. Yule wa miaka mia nne iliyopita mchoro wake unalindwa na serikali. Sisemi uende ukachore ngome, tafadhali usinitie matatani. Nasema tu kwamba sanaa ya mtu wa kawaida inaweza kuishi miaka mia nne, ikiwa kuna mtu ameona thamani yake.

Hata maneno tunayotumia yamebaki na alama za wakati ule. Gereza limetoka kwa neno la Kireno la kanisa. Leso pia imetoka kwao, ilikuwa kitambaa cha mkononi. Shika hiyo leso, tutairudia.

Drama kubwa zaidi ya kisiwa hiki

Kuna kisa ambacho kingekuwa cha Hollywood kingeshatolewa sehemu ya tano. Kinamhusu kijana wa Mombasa anayeitwa Yusuf bin Hassan.

Baba yake, Sultani Hassan bin Ahmed, aligombana na Wareno, akakimbilia bara, na mwaka 1614 akauawa kwa njama yao. Yusuf alikuwa mtoto mdogo. Wareno haohao wakamchukua, wakampeleka Goa, India, wakamlea kwa mapadri, wakambatiza na kumpa jina jipya, Dom Jerónimo Chingulia. Alipokuwa mtu mzima wakamrudisha Mombasa awe mfalme wao: Mswahili kwa sura, Mreno kwa malezi. Kwa hesabu yao, kazi ilikuwa imekwisha.

Lakini mji ulikuwa ule ule na kaburi la baba lilikuwa pale pale. Inasimuliwa kwamba alionekana kaburini akimwombea baba yake kwa njia ya Kiislamu, na habari zikaanza kumfikia kapteni wa ngome. Agosti 1631 Yusuf aliingia Fort Jesus na watu wake, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, akarudi kwenye dini ya baba yake, akaiteka ngome. Wakristo waliokataa kusilimu waliuawa, hiyo nayo tusiifiche, damu nyingi ilimwagika na wengi hawakuwa na kosa lolote. Mwaka uliofuata jeshi la Wareno lilikuja kutoka Goa likashindwa kumtoa. Mwishowe aliiacha ngome mwenyewe, akapanda meli, akaishia kuwawinda Wareno baharini hadi alipokufa upande wa Bahari ya Shamu.

Wareno waliporudi, kapteni mmoja aliweka maandishi juu ya lango la ngome, akijisifu kwamba ameijenga upya na kuitiisha pwani. Bado yapo, ukiingia inua macho. Ni posti ya kujisifu ya karne ya 17 na imekaa mtandaoni, niseme hivo, kwa karibu miaka 400. Yusuf hana maandishi langoni.

Sasa swali langu. Mtanzania Ebrahim Hussein alichukua Vita vya Maji Maji akaandika Kinjeketile, ikatoka 1969, na leo hakuna mtu aliyesoma fasihi ya Kiswahili asiyeijua. Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo waliandika tamthilia ya kesi ya Dedan Kimathi, ikachezwa Nairobi 1976, na hata kupata siku za kuicheza kwenye ukumbi wa kitaifa kulikuwa vita, maana ukumbi ulishazoea michezo ya Wazungu. Kwa hivyo si jambo geni Afrika Mashariki kuchukua historia na kuitia jukwaani. Mimi nimekulia kisiwani na sijawahi kuona tamthilia ya Yusuf ikichezwa hapa. Mtoto aliyenyang'anywa baba, akanyang'anywa jina, akarudi na silaha. Hicho kisa hakihitaji kuongezwa chumvi. Kinahitaji waigizaji kumi na mwandishi mmoja mwenye nidhamu.

Kutoka msikitini hadi sokoni

Tusonge mbele karne mbili. Ukumbi hakuna bado, lakini staa yupo. Anaitwa Muyaka bin Haji, alizaliwa Mombasa karibu 1776 akafa 1840. Ni wakati wa Wamazrui, ambao walikuwa wanautawala mji na kukataa kuwekwa chini ya Sayyid Said, aliyetaka pwani yote iwe mkononi mwake.

Kabla ya Muyaka, ushairi mwingi ulioandikwa ulikuwa wa dini na mafunzo. Yeye aliimba juu ya mapenzi, njaa, bahari, marafiki wanafiki, na siasa. Mji ukitishwa na Zanzibar au Lamu, Muyaka anajibu kwa shairi. Mtu akimtupia beti, anarudishiwa. Wataalamu husema ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Ukitaka kumwelewa haraka, mfikirie kama rapa wa kujibizana ambaye pande mbili zinasubiri aseme nini kuhusu vita vya juzi. Tofauti ni kwamba hakuwa na studio wala kipaza sauti. Watu walibeba maneno yake kichwani.

Na hapa ndipo kuna somo. Sayyid Said aliichukua Mombasa 1837, Muyaka akafa miaka mitatu baadaye, na mashairi yake yakabaki midomoni mwa watu. Yangepotea. Aliyeyaokoa zaidi ni mwanachuoni wa hapa, Mwalimu Sikujua, ambaye mwisho wa karne ya 19 aliyakusanya kutoka kwa wazee na kuyaeleza maana, akishirikiana na mmishonari W. E. Taylor. Kitabu chake kilichapishwa 1940, tena si hapa, bali Johannesburg. Mtu mmoja aliyekaa chini na kuuliza wazee ndiye sababu leo tunajua Muyaka alisema nini. Hakuwa na pesa za mradi. Alikuwa na kalamu na subira.

Mtaa mzima ni jukwaa

Mwisho wa karne ya 19 Mombasa ilianza kuchemka. Waingereza wamekuja, reli inaanza kujengwa 1896, utumwa unaelekea kufa, na watu wa kila aina wanamiminika kisiwani. Katika fujo hiyo ikazaliwa ngoma inayoitwa beni, kutokana na neno la Kiingereza la bendi. Vijana wa pwani yetu waliziona bendi za wanajeshi na za misheni, wakachukua tarumbeta, ngoma kubwa, sare na gwaride, wakavigeuza kuwa vyao. Mji uligawanyika pande mbili zilizoshindana, Kingi na Scotchi, kila upande na vyeo vyake, rangi zake na mashabiki wake. Kama unajua Gor na AFC unaelewa. Ila huku ushindani ulikuwa wa nani kavaa vizuri zaidi, nani kacheza vizuri zaidi, nani katunga wimbo wa kumchoma mwenzake zaidi. Kutoka pwani ya Kenya beni ilisambaa Tanganyika, ikafika Kongo na Malawi ya leo. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu yake 1975. Mitindo ilikuwa inatoka hapa kwenda nje.

Wanawake nao walikuwa na lelemama. Ni ngoma ya vyama vya wanawake, waliojipanga safu, wakicheza kwa utulivu huku wakiimba. Vyama vilishindana vikali. Majina makubwa mawili ya karne ya 20 ni Ibinaal Watan na Banu Saada. Wanachama walikuwa na vyeo, walichanga pesa, walizikana, walisaidiana kwenye harusi. Na muhimu zaidi, ndani ya vyama hivyo wanawake wa koo kubwa na wanawake wa vizazi vya watumwa walikutana, jambo ambalo mji nje ya ngoma haukuliruhusu kirahisi.

Bibi yangu alizaliwa Kibokoni miaka ya 1940. Utotoni aliziona lelemama za mwisho mwisho. Siku moja nilimuuliza kama ilikuwa ngoma ya kufurahisha tu. Akaniangalia kama nimeuliza kama bahari ina chumvi.

"Mwanangu, pale ndipo watu walipokuwa wakisemwa," akaniambia. "Mtu akifanya jambo la aibu, basi usiku halali. Ajua kesho ataimbwa, na jina halitatajwa, na mtaa mzima watajua ni nani."

"Na yeye akijijua ni yeye, afanyaje?"

"Ende akatafute mtungaji wake. Amjibu."

Hiyo ni thieta. Ina maudhui, mavazi, wahusika, watazamaji, na hukumu. Halafu ikazaa siasa. Mwanahistoria Mmarekani Margaret Strobel alikaa Mombasa miaka ya 1970 akiwasikiliza wanawake hawa, na kazi yake inaonyesha jinsi vyama vya lelemama vilivyowafundisha kujipanga, hadi miaka ya 1950 baadhi yao wakaingia kwenye vyama vya wanawake Waislamu na kudai elimu ya wasichana. Yeye na Sarah Mirza waliandika maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhashamy, na kitabu hicho kipo kwa Kiswahili pia. Ukikipata kisome. Utasikia Mji wa Kale ambao hakuna anayekutembeza atakuonyesha.

Maneno yaliyovaliwa

Nilikwambia uishike leso. Karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkononi vikiwa pande zima, wakavishona pamoja kupata nguo moja pana. Baadaye viwanda vikaanza kuichapa ikiwa imekamilika. Pale Biashara Street kuna duka la familia ya Kaderdina Hajee Essak lililoanza 1887, na alama yao ya Mali ya Abdulla ndiyo inayotajwa kuwa iliyoanza kuandika misemo kwenye leso.

Ukishaweka maneno, nguo imekuwa jukwaa. Mwanamke hakuhitaji kufungua mdomo. Anapita mbele ya mlango wa jirani aliyemsengenya, amejifunga leso yenye maneno yake, jirani anasoma, kazi imekwisha. Leo tunaita kurusha status. Bibi zetu walirusha status wakienda sokoni, na hakuna aliyeweza kuwalaumu, si nguo tu jamani?

Halafu ni nini kilitokea?

Si kwamba sanaa ilikufa ghafla. Kuze, mtaa wa Mji wa Kale, ulitoa ndugu wawili: Ahmad Nassir, mwenye Malenga wa Mvita ya 1971, na Abdilatif Abdalla, aliyefungwa 1969 kwa kijikaratasi cha kuuliza Kenya inakwenda wapi, akaandika Sauti ya Dhiki jela kwa siri kwenye karatasi za chooni. Jamaa yao Juma Bhalo, aliyefariki 2014, aliyaimba mashairi ya pwani kwenye taarab hadi kila harusi ikataka kanda yake. Moto ulikuwepo.

Lakini lelemama ilizimika. Wapo wanazuoni waliokemea isirafu ya ngoma na mashindano, na nawaelewa, pesa za watoto zilikuwa zinaishia kwenye sare. Wasichana walioenda shule waliona ngoma ni mambo ya kizamani. Na wakoloni walikuwa wametuletea picha yao ya thieta ni nini: jengo, viti, pazia, tiketi. Little Theatre Club pale Mnazi Mmoja ilianza hivo, mahali pa Wazungu kuigiza michezo yao baada ya kazi. Leo imebadilika, vijana wetu wanacheza pale, na wengi wenu mmeenda na shule kuangalia setibuku ikiigizwa. Nawaheshimu sana waigizaji wale, wanafanya kazi kwa pesa kidogo. Lakini angalia kilichotokea: tumehamia jengoni, na mara nyingi kinacholipa ni kile kinachotahiniwa. Wanafunzi wakimaliza KCSE, watazamaji wameondoka.

Na mtaa wenyewe unabadilika. Mji wa Kale umelindwa na sheria tangu mwanzo wa miaka ya 1990, huwezi kubomoa wala kugeuza sura ya nyumba bila ruhusa. Kwenye karatasi. Ukitembea utaona nyumba zilizotegemezwa na boriti, utaona uwanja mtupu palipokuwa na roshani, utaona flati ya saruji imechomoza katikati ya paa za mabati. Mwaka 2018 serikali ya kaunti iliagiza majengo ya katikati ya jiji na Mji wa Kale yapakwe nyeupe na buluu. Kuta zikapendeza kwenye picha. Sikumbuki agizo kama hilo likitoka kuhusu wanaoishi nyuma ya kuta.

Najua mtasema nini, maana mshaniambia kwenye komenti: urithi haulipi kodi. Mwenye nyumba amerithi jengo na ndugu zake saba, paa linavuja, fundi wa chokaa na mawe ya matumbawe ni ghali na ni adimu, na mnunuzi amesimama mlangoni na pesa taslimu. Wewe unayepiga picha ya mlango wake hujamlipa hata shilingi. Hiyo hoja ni ya kweli na siipingi. Kumwambia mtu asiuze nyumba kwa sababu mimi napenda nakshi zake ni ubinafsi.

Lakini tuangalie kinachoondoka na nyumba. Nyumba ya zamani ina baraza mbele, lile benchi la mawe. Flati mpya haina, ina geti. Baraza ndipo wazee walipotupiana mashairi, ndipo kahawa tungu iliponywewa na habari zikapikwa. Familia ikihamia Kisauni au Bamburi kwenye kodi nafuu, jirani aliyejua wimbo ule ulimhusu nani anakwenda naye. Kwa hivyo hata hao wanaojali mawe peke yake wamekosea hesabu. Mji ambao wenyeji wameondoka unabaki na kuta za kuegemea tu.

Tufanye nini, sisi wenye simu?

Sina ofisi wala bajeti, kwa hivyo ntasema yale ambayo mtu wa miaka 19 anaweza kuanza Jumamosi hii.

Moja, mrekodi bibi yako. Si lazima awe wa Mji wa Kale. Muulize aliimba nini harusini, leso yake ya kwanza iliandikwaje, nani alikuwa mtungaji wa mtaa. Omba ruhusa kabla hujawasha simu, na akisema hili usiliweke mtandaoni, usiliweke. Sikujua alifanya kwa kalamu. Sisi tuna simu yenye gigabaiti za kumwaga.

Mbili, tumia majukwaa yaliyopo. Swahilipot, hatua chache kutoka Fort Jesus, ina jukwaa la wazi linalotazama bahari, na vijana hukutana pale kwa mashairi, muziki na maigizo. Mama Ngina Waterfront ilikarabatiwa 2019 na ina sehemu ya maonyesho. Ukisikia kuna onyesho, nenda, na ulipe ukiambiwa ulipe. Msanii hanywi laiki.

Tatu, waandishi, mko wapi? Kisa cha Yusuf kinawangoja. Kisa cha Muyaka kinawangoja. Wanawake wawili wa vyama viwili vya lelemama, mtaa mmoja, harusi moja, hiyo pekee ni tamthilia ya saa mbili. Iandikeni kwa Kimvita, msiogope kwamba wa bara hawataelewa. Wataelewa.

Nne, ukija kupiga picha, piga hodi. Kuna mtu nyuma ya mlango. Msalimie, shikamoo haikuuzwi, nunua mahamri kwa mama anayeuza pale pembeni, uliza nyumba ni ya nani na barazani palikuwa wakikaa kina nani. Mara nyingine utafukuzwa, na ni haki yao. Mara nyingine utaambiwa keti, na hapo ndipo uzime kamera kwanza usikilize.

Mimi nimeshaanza na bibi yangu. Nina saa nne za sauti yake, zikiwemo nyimbo mbili ambazo amekataa kuniambia zilimlenga nani, kwa sababu wajukuu wa huyo mtu bado ni majirani. Wiki ijayo nitamhoji rafiki yake wa Mkanyageni, na kama una bibi au babu wa Mombasa anayekumbuka beni, lelemama au mashindano ya mashairi, niandikie hapo chini ni mtaa gani. Majina ya watu msiweke hadharani, mitaa inatosha. Nataka tujue zimebaki nyimbo ngapi.